Mzee Aliyesikiliza Magurudumu

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ni bora niseme mapema ili msomaji asidhani barabara ndizo zilizonifanya hivi. Nilizaliwa hivi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa mara tatu. Nikiona watoto wamelala kimya mno naweka mkono puani mwao. Mume wangu, Baba Neema, husema nikikosa la kuhofia nahofia kwa nini nimelikosa. Katika maisha yangu yote ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniambia, "Mama Neema, endelea kuogopa, unaogopa vizuri," na huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Tulimwita Mzee wa Rimu. Alikuwa na banda Manyoni, si mbali na reli, na kazi yake ilikuwa kuuza rimu zilizokwisha kutumika, yaani lile gurudumu la chuma ambalo tairi huvishwa juu yake. Jina alilopewa na wazazi wake nililijua, ila sikuwahi kulitamka mbele yake na sioni sababu ya kuanza leo.

Tusingemfahamu kama si ile nyumba yetu ya magurudumu. Kwetu ni Issuna, lakini alizeti ikishavunwa huwa hatukai Issuna. Baba Neema alinunua lori dogo kuukuu, akafunga nyuma yake mashine ya kukamua mafuta, injini ya dizeli ya kuizungusha, na mapipa. Nafasi iliyobaki akaichomelea chumba cha mabati na mbao chenye kitanda kimoja kipana, kabati langu la vyombo na dirisha lenye pazia. Tunakwenda kijiji kwa kijiji, watu wanaleta magunia yao, tunawakamulia, wanarudi nyumbani na mafuta na mashudu ya mifugo. Likizo ya Juni Neema na mdogo wake huwa nasi, wanalala humo ndani. Wakati mwingine wanalala humo gari likiwa linatembea, na hapo ndipo roho yangu inapokuwa mkononi.

Tulikuwa Ilongero nilipouona ule ufa. Nilikuwa nazunguka gari kama kawaida yangu, nikigusa nati moja moja, nikaona kwenye rimu ya nyuma kushoto mstari mwembamba mithili ya uzi, umetoka tundu la nati moja kwenda la pili. Baba Neema aliutazama, akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akampelekea mchomeleaji. Mchomeleaji aliuziba vizuri sana, akapaka na rangi. Siku tatu baadaye mstari ulikuwa umetokea pembeni ya kiraka, na rimu ya upande wa pili nayo ilikuwa na wake. Dereva mmoja wa bodaboda pale Ilongero alituambia kuna mzee Manyoni, na kwamba tusimwoneshe hicho kiraka.

Tulimwonesha, kwa sababu Baba Neema haambiliki. Mzee alikitazama muda mrefu.

"Nani kawafundisha hivi?"

"Si wanasema, mzee, usipoziba ufa—"

"Huo ni ufa wa nyumba. Nyumba imesimama. Ufa wa rimu hauzibwi, baba. Ikishachomelewa hiyo si rimu tena, ni meza. Kawekee sufuria."

Ndivyo alivyokuwa akisema, maneno machache, bila kuinua sauti. Lakini hayo machache huyapati kabla hujamwamkia. Nimeona mtu mwenye gari la maana akisimama mbele ya banda na kuuliza, "Mzee, una rimu za tundu sita?" bila shikamoo, na mzee akaendelea kufuta rimu kwa kitambaa mpaka yule bwana akaingia garini na kuondoka. Ukimwamkia alisimama, akavua kofia, akakuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, za wagonjwa. Baada ya hapo angekuuliza swali ambalo sijapata kulisikia kwa muuzaji mwingine yeyote: "Nani anapanda humo?"

Kazi yake ya zamani ilikuwa relini. Treni iliposimama, yeye alishuka na nyundo yenye mpini mrefu akapita pembeni ya mabehewa akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Miaka na miaka, hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipoiacha alihamia na sikio lake kwenye magari. Rimu aliitundika kwa mnyororo kwenye boriti ya banda ili isiguse kitu, akainamisha kichwa, akafumba macho, akagonga mara moja. Rimu nzima hulia, na mlio wake huenda ukififia taratibu mpaka usijue umekwisha saa ngapi. Rimu mbovu hutoa sauti moja fupi, ikanyamaza. Akina mama tunalijua jambo hilo kwa vyungu. Hakuna anayenunua chungu sokoni bila kukigonga kwa kifundo cha kidole, na chenye ufa hujitaja chenyewe.

Wakati wa kugonga ilikuwa marufuku kusema. Sio kunong'ona, sio kukohoa. Fundi viatu wa jirani aliacha kupiga misumari. Nilimuuliza siku moja sababu ya ukali huo, akaniambia kwamba zamani, akiwa katikati ya kugonga behewa la mizigo, mkubwa wake alimsalimia. Akaitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Alipomaliza kuitikia alikuwa hakumbuki gurudumu la mwisho lilisema nini, akaona aibu kurudia mbele ya mkubwa, akapita. Behewa lilikwenda na kurudi salama. Hakuna kilichotokea.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo sikulala mpaka liliporudi," akasema. "Na liliporudi nikaligonga. Lilikuwa bovu."

Nadhani siku hiyo ndiyo niliyompenda. Nilikuwa nimepata mwenzangu.

Kutupatia sisi rimu kulimchukua miezi mitatu. Kwanza alitaka kujua uzito wa gari likiwa limejaa kila kitu, mashine, mafuta, vyombo, na sisi wenyewe ndani. Akatutuma mizani. Madereva wote ninaowafahamu wanaikwepa mizani kama mtoto anavyokwepa sindano, na Baba Neema alicheka mpaka akashika kiuno. "Nani anajipeleka mizani mwenyewe, mzee?" Mzee hakucheka. Alisema gari lisilojua uzito wake halina ruhusa ya kununua kwake. Tukaenda kwenye kinu kimoja cha alizeti, tukawaomba watupime kwenye mizani yao ya malori, na namba iliposimama Baba Neema aliisoma mara mbili. Tulikuwa tumezidisha karibu tani nzima. Misimu miwili tulikuwa tukilala na watoto juu ya vyuma vilivyokuwa vinafumuka chini yetu.

Alipoletewa karatasi ya mizani mzee aliingia ndani ya chumba chetu bila kuvua viatu, akaanza kutoa vitu. Kabati langu la vyombo, nje. Jiko la chuma, nje. Mapipa mawili kati ya manne, nje. Nilitaka kulia, kabati lile nilipewa na mama yangu. Kisha akaona kitandani mito miwili midogo.

"Hapa wanalala akina nani?"

"Watoto, babu."

Alikwisha kututengea rimu sita. Alizitazama pale zilipolala, akazirudisha ndani moja moja. "Hizi ni za kubeba mafuta," akasema. Akatuambia tusubiri.

Tukasubiri, na alizeti ya watu inasubiri. Baba Neema alileta rimu za lori kubwa, pana kama sinia la pilau, kumbe matundu yake hayalingani na nati zetu. Akashauri matundu yatobolewe upya. Mzee akamuuliza kama anataka pia kutoboa watoto upya, na mume wangu akakaa kimya siku nzima, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza. Katika kututafutia, mzee alikataa rimu nyingi. Nyingine zilikuwa na kutu kwa ndani, nyingine zimewahi kupinda zikanyooshwa. Zile alizozikataa alizikata vipande viwili kwa grenda, hata kama mwenye nazo alizileta kumuuzia. Watu walimtukana. Walisema anaharibu mali. Alijibu kwamba rimu mbovu ikitoka kwake ikiwa na umbo lake, itarudi barabarani tu kwa mkono mwingine. Nusu zile akina mama walizichukua kunyweshea kuku, kwa hiyo Manyoni yote kuku wanakunywa maji kwenye ajali ambazo hazikutokea.

Mwisho zilipatikana sita, za chuma kinene, matundu yetu yale yale, zimetoka kwenye gari lililokuwa likibeba maji. Alizigonga zote mara mbili. Tulipotoka nazo nililala usingizi niliokuwa nimeusahau.

Ila nisimfanye malaika, maana hakuwa. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Alicheza na fundi viatu kwa vifuniko vya soda, na ukigeuka kidogo kifuniko chako kimoja kilikuwa kimekwisha hamia mfukoni mwake, na akishikwa anakasirika yeye. Hakusamehe upesi. Kuna mchomeleaji mmoja hapo hapo Manyoni ambaye hawakuwa wakisalimiana naye kwa ajili ya neno lililosemwa kabla Neema hajazaliwa. Na mtu huyo huyo aliyekataa rimu yangu kwa doa la kutu alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja, anaisimamisha kwa kukanyaga tairi kwa ndala. Nilimgombeza.

"Babu, utaumia."

"Mimi nikianguka, mama, naanguka peke yangu."

Nilidhani ni utani. Sasa naona alikuwa akinieleza sheria yake yote.

Juni iliyopita tulikuwa tunaelekea Kinampanda, na baada ya hapo tushuke mteremko wa Sekenke kwenda Shelui, ambako kikundi cha wakulima kilikuwa kimetuwekea magunia yao. Kabla hatujafika mbali tuliingia shimo moja baya, rimu mbili za nyuma zikapinda. Kwa mtu kama mimi Sekenke ni kona zile tu na lile bonde chini. Nikasema siendi popote mpaka tupite Manyoni, ingawa ni kurudi nyuma. Baba Neema alinung'unika, lakini akageuza.

Mzee alikuwa ameinama akipanga rimu. "Shikamoo, babu," nikasema. Kimya. Nikafikiri nimemkosea kitu. Nikasogea, na aliponiona tu akavua kofia, "Marahaba, mama, marahaba," kana kwamba nimeamkia sekunde ile. Nikamuuliza kama bibi, mkewe, anaendelea vizuri na miguu. Akajibu, "Ndiyo, za nyuma, nimeziona zilivyopinda." Juu ya kigoda chake simu ilikuwa inaita, taa yake ikiwaka na kuzima, na hakugeuka. Baba Neema aliniambia kwa macho kwamba labda anamkwepa mtu.

Akatutolea rimu mbili za kubadilisha, akatundika ya kwanza. Fundi viatu akaacha kazi. Mzee akainamisha kichwa, akafumba macho, akagonga, na mlio ukaenda, ukaenda, mpaka sikujua ulikwisha lini. "Nzuri," akasema. Akatundika ya pili. Akainama vile vile, akafumba macho vile vile, akagonga.

Ko.

Ilikuwa imekwisha hapo hapo, kama chungu kibovu. Lakini mzee aliendelea kusimama, kichwa ameinamisha, akisubiri muda ule ule aliosubiri kwa ile ya kwanza. Alikuwa anausikiliza mlio ambao haukuwepo. Kisha akafumbua macho.

"Nzuri. Fungeni."

Nilimtazama mume wangu, nikajua naye amesikia. Fundi viatu alikuwa ameinamia kiatu, na kwa namna alivyokiinamia nikajua yeye alikwisha kusikia siku nyingi. Baba Neema alinivuta nyuma ya gari. "Tutaifunga," akanong'ona. "Tukitoka mjini naivua, tunatafuta nyingine. Usimwaibishe mzee wa watu."

Na mimi nilikubali. Naona aibu kuandika, lakini nilikubali, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Mzee haambiwi usoni kwamba sikio lake limekufa, na wanangu walikuwa salama, maana mimi nimejua. Baba Neema akachukua spana. Neema na mdogo wake walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya chumba wakila karanga, nikawatazama kama ninavyowatazama kila mara, nikiwahesabu, mmoja, wawili. Ndipo nikafikiria mito midogo mingine, kwenye magari mengine, ya akina mama ambao hawakuwa wamesimama hapa kusikia ile ko. Maisha yangu yote nimeogopa, na woga wangu wote nilikuwa nimeumaliza kwa watu wanne.

Nilikwenda nikasimama mbele yake kabisa, aone mdomo wangu.

"Babu, hii imenyamaza."

"Nimesema nzuri."

"Imenyamaza, babu. Nisamehe."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alirudisha ile rimu kwenye mnyororo, akaweka kiganja cha kushoto juu ya chuma, akagonga kwa mkono wa kulia. Akaweka ya kwanza, akagonga vile vile kiganja kikiwa juu yake. Akarudia zote mbili. Mkono wake ulikuwa umemwambia. Alikaa juu ya tairi, nyundo mapajani.

"Sikio la kushoto nilijua limekwenda," akasema. "Nilidhani la kulia linatosha."

Baba Neema alikuwa ameshika spana kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

"Tangu mvua za kwanza," mzee akasema. Akasimama, akaenda kwenye mlango wa banda, ambao ni wa bati na ambao juu yake alikuwa akiandika kwa chaki namba za simu za kila aliyemuuzia, kwa sababu alitaka mtu akifika aendako ampigie. Akaanza kugusa namba kwa kidole kutoka chini kwenda juu, akihesabu kwa Kigogo. Alifika tisa, akasimama. "Hawa," akasema. "Nipigie, mama. Mimi sitawasikia."

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikapiga nikianzia wa juu. Wa kwanza alishukuru. Wa pili alicheka, akidhani ni utani, kisha akaacha kucheka. Trekta moja lilikuwa limesimama mwezi mzima shambani. Kila nilipokata simu mzee alikuwa ananitazama usoni, na mimi, ambaye sura yangu haijui kuficha kitu, nilijitahidi kuiweka vizuri. Nikafika kwa wa tisa, wa mwisho, dereva wa gari dogo la abiria la kwenda Itigi, aliyechukua rimu mbili Jumamosi iliyotangulia tu. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Mara ya tatu akapokea, na nikasikia injini, na watu wanaongea nyuma yake, na mtoto anadeka.

"Kaka, samahani, napiga kutoka kwa Mzee wa Rimu. Zile rimu, tafadhali simama uziangalie."

"Wewe nani?"

"Mimi ni mteja wake tu. Kuna tatizo, tafadhali simama."

"Dada, mzee mwenyewe kazigonga nikiona kwa macho yangu, kasema nzuri. Nikifika Itigi nitaangalia."

"Usingoje Itigi—"

"Naendesha, dada."

Mzee alikuwa amesoma yote usoni kwangu. Alinyoosha mkono, nikampa simu. Aliiweka sikioni, kwenye sikio lake la kulia, akasimama wima kama mtu anayeamkia mkubwa.

"Mwanangu, ni mimi, mzee wa rimu. Usinijibu, kwa maana sisikii. Nimekuwa kiziwi. Nilikuuzia rimu ambazo sikuzisikia." Alisema kwa sauti kubwa sana, kama wanavyosema wasiosikia sauti zao, na mtaa mzima uligeuka, fundi viatu, mama wa vitumbua, hata yule mchomeleaji ng'ambo ya barabara alitoka nje. "Sisikii, mwanangu. Simama hapo hapo ulipo. Shusha watu."

Akanirudishia simu.

"Amesimama?"

Nikaiweka sikioni. Injini ilikuwa bado inanguruma. Nilifumba macho. Kisha nikasikia gia zikishuka, moja, nyingine, na kokoto chini ya matairi, na mlango ukifunguliwa, na mama mmoja akiuliza kulikoni, mbona tunashuka hapa porini.

Nikafumbua macho, nikamgeukia, nikafungua mdomo wote ili aone kila neno.

"Amesimama, babu."